Jina Chini ya Bakuli

Kila kazi ya kioo inayotoka kwenye karakana yetu ina jina chini yake, na jina hilo ni la mtoto wa mwanaume mwingine. Anayeliandika ni mimi. Naliandika kwa mkono wangu, kwa kalamu niliyoitengeneza mwenyewe, na nikimaliza namwagia maji, nafuta kwa kitambaa, naweka bakuli kwenye rafu, na roho inaniuma. Nimezoea, lakini kuzoea si kupona.

Majina ya watu siyataji, maana wenyewe wapo hai na mji wetu ni mdogo. Binti mkubwa wa mke wangu tumwite Binti, na mwanangu wa kiume tumwite Dogo. Mke wangu basi ni Mama Binti. Alikuwa Mama Binti kabla hajanijua, na huku kwetu mwanamke akishaitwa kwa mtoto wake wa kwanza ameitwa. Hata azae wengine kumi baadaye, jina halihami.

Nilipomuoa, Binti alikuwa anatambaa. Tulipopanga chumba Kahama, majirani hawakungoja hata tufungue mizigo, wakaanza kuniita Baba Binti. Sikutaka. Mama muuza maandazi akisema, "Mwangaluka, Baba Binti," nilikuwa nageuka nyuma kuangalia anamsalimia nani. Dogo alipozaliwa nikapita mlango kwa mlango kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni Baba Dogo. Fundi baiskeli wa pale kona alisahau, nikamnyima salamu mpaka akakumbuka. Mwishowe mtaa mzima ulinyooka. Mke akawa Mama Binti na mume Baba Dogo, na mgeni akija kuulizia nyumba yetu alidhani ni ya wapangaji wawili.

Watu walinisema, najua. Walisema ukipenda boga upende na ua lake. Ua nililipenda. Nilimbeba mgongoni kumpeleka kliniki, nilikesha naye alipougua surua, na nilimwonya mwalimu aliyemchapa bila kosa. Kilichonishinda ni jina tu, kwa sababu Baba Binti halisi alikuwepo.

Alikuwa kijana wa maduara, mashimo ya dhahabu. Alimwacha mke wangu kwao Didia akiwa na mtoto wa kunyonya, akaenda Geita kuchimba, akasahau njia ya kurudi. Ndoa ilipovunjwa ng'ombe zake za mahari zilirudishwa, ila chache ziliachwa zizini kwa mkwe kwa ajili ya mtoto, kama desturi inavyotaka. Mimi nilipopeleka za kwangu nilizikuta zile zinacheua. Mpaka leo nikienda Didia kuwasalimia wakwe, kuna jike jekundu ninalopishana nalo mlangoni, ni mjukuu wa ng'ombe wa yule bwana. Linanitazama kama mwenye nyumba. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Wanaosema hivyo hawajawahi kulala kwenye nyumba niliyolala mimi.

Na laiti angebaki fukara huko Geita, ningemsamehe. Alipata. Akanunua karasha la kusagia mawe, halafu la pili, halafu gari aina ya pikapu. Akakumbuka kwamba ana mtoto wakati Binti amekwisha kuota meno yote, akaanza kuleta zawadi za sikukuu. Viatu alivyoleta vilikuwa vizuri kuliko vya kwangu, na Binti alivivaa siku nzima akichungulia miguu yake. Nakumbuka rangi yake mpaka leo, vilikuwa vyekundu.

Nirudi kwenye vioo. Mke wangu ndiye msanii, hilo silibishi. Alijifunzia Arusha, kwenye karakana moja alikokwenda na akina mama wenzake, akarudi na kichwa kimejaa maumbo. Mimi najua moto. Kabla ya hapo nilikuwa nachoma dhahabu kwa wanunuzi Bugarama, kwa hiyo tanuru halinitishi. Chupa tunaokota nyuma ya baa, hapa mjini na njia ya Buzwagi, za kahawia, za kijani na zile nyeupe za pombe kali. Yeye anazisaga, anazichekecha, anazipanga kwenye kalibu ya udongo mpaka unaona mto, au mbuga baada ya mvua, au vitu ambavyo hata yeye hana jina lake. Mimi nawasha, nalinda, na kazi kubwa kuliko zote, nasubiri. Kioo kinataka kupoa taratibu. Ukifungua tanuru kwa pupa, unasikia kinalia mle ndani, na kazi ya mkeo imekwisha.

Mwanzoni hatukusaini chochote. Tuliuza mabakuli, sahani za ukutani, ndege wa kuning'iniza dirishani, na mnunuzi aliondoka na chombo kama anayeondoka na sufuria. Halafu akaja mama mmoja wa ofisini, mtu wa kununua kwa macho kwanza, akageuza bakuli juu chini akauliza jina la aliyelitengeneza liko wapi. Alisema kitu cha sanaa kisicho na jina ni yatima. Mke wangu alifurahi, nikaona. Alitaka kuandika palepale, lakini kidole gumba chake cha kulia kiliunguzwa na kalibu zamani na hakikunji, kalamu ikamteleza na kuchora mstari wa ovyo. Akanigeukia. Nani mwingine? Mimi ndiye mwenye mwandiko katika nyumba yetu.

Mkono wangu uliuzoea huo mchezo muda mrefu kabla ya vioo. Binti alipokwenda shule ya bweni waliagiza kila kitu kiwe na jina, ndoo, sahani, kijiko, jembe, hata sanduku. Nilikaa uani na msumari nikamchongea kimoja baada ya kingine. Herufi ya kwanza ya jina lake huwa naivutia mkia mrefu unaopita chini ya nyingine zote. Ni pambo langu tu, nilianza nalo kwenye ile ndoo. Wenzake wakawa wanaleta vyombo vyao nyumbani likizo ili niwachongee, na yeye alikuwa anasimama pembeni akiwaambia wapange foleni.

Kwa hiyo nikachukua ncha ya biti ya kuchoronga mwamba, ambayo wachimbaji huitupa ikiisha, nikainoa, nikaifunga kwenye kipande cha mti mgumu. Nikamuuliza mke wangu tuandike nini. Hakufikiri hata kidogo.

"Mama Binti," alisema. "Kwani mimi ni nani?"

Nilitegemea atasema jina lake la ubatizo. Au la ukoo wetu. Kwa siri nilitegemea atasema jina la karakana, ambalo lingetujumuisha wote wawili, moto wangu na mikono yake. Nikameza, nikaandika.

Hapo nieleze jambo moja la ufundi. Jina huandikwa chini ya bakuli, kwa nje, lakini kioo hakifichi kitu. Ukiandika kawaida, anayetazama kwa juu, bakuli likiwa mezani, analiona jina limegeuka, linaanzia kulia, kama maandishi kwenye kioo cha kinyozi. Bakuli la kwanza nililisaini hivyo, mke wangu akainamia, akacheka mpaka akakaa chini. Nikanuna. Nikaenda kuokota vipande vya madirisha nikajizoeza kuandika kinyume, herufi zikitazama nyuma, mpaka mkono ukakubali. Sasa ukiweka bakuli letu kwenye kitambaa cheupe na kuliinamia, jina linakuja juu limenyooka. Sijaona fundi mwingine mjini anayefanya hivyo. Watu wanasema, "Kazi za Mama Binti unazijua, jina linasomeka kwa juu." Kazi za Mama Binti. Na mimi nipo hapohapo, ninafagia majivu.

Kadiri sifa zilivyokua ndivyo nilivyokonda. Niliingia hoteli moja hapa mjini kufuata chupa tupu, nikakuta sahani yetu mapokezi, na jina. Nilikwenda msibani kwa watu wenye uwezo, nikakuta bakuli letu limewekewa pipi, na jina. Nikaanza kuwaza kwamba yule bwana naye anaingia nyumba hizihizi, anainamia meza hizihizi, anasoma jina la mtoto wake na kuvimba kifua. Sikuwa na ushahidi. Mwenye wivu hahitaji ushahidi, anajipikia na kujipakulia mwenyewe.

Halafu Binti akachumbiwa na kijana mwalimu wa Geita, na siku ya kumuaga ikapangwa.

Wiki chache kabla, pikapu ikasimama nje ya karakana. Alishuka yule bwana mwenyewe, shati limepigwa pasi, akanisalimia kwa adabu zote. Ningependa angekuwa mtu wa kiburi. Si mtu wa kiburi, na hilo linaongeza hasira. Aliniita Baba Dogo, akaulizia afya yangu na ya Dogo, akasifu tanuru. Kisha akamgeukia mke wangu na kusema anataka bakuli kubwa kuliko yote tuliyowahi kutengeneza, zawadi yake kwa Binti siku ya kuagwa. Bei apange mke wangu. Ila ana ombi moja. Chini pasiandikwe jina la kawaida. Paandikwe Baba Binti.

Mke wangu alimweleza kwamba jina linalowekwa pale ni la aliyetengeneza, si la aliyenunua. Bwana alisema anaelewa, lakini ni mara moja tu katika maisha, na ni mtoto wake wa kwanza. Mke wangu akanyoosha kidole gumba kile kisichokunja, akanionyesha mimi.

"Muulize anayeandika," alisema.

Nikaona uso wa yule bwana unabadilika. Hakujua. Miaka yote alidhani maandishi yale ni ya mke wangu. Aliponitazama ni kama alitaka kulirudisha ombi mfukoni, na nadhani ningenyamaza kidogo tu angelirudisha. Lakini kukataa mbele yake ni kumwambia kwamba inaniuma, na afadhali kichwa changu kiingie tanuruni kuliko ajue inaniuma.

"Nitaandika," nilisema.

Alipoondoka nilianza kupanga makaa kwa kelele. Nilisema mtu hana haya. Nilisema alikuwa wapi kipindi cha surua. Nilisema Baba Binti, Baba Binti, nani alichonga ile ndoo? Mke wangu aliniacha niishe pumzi. Alikuwa anachekecha kioo cha kijani na hakuinua macho.

"Hilo jina lilikuwa lako," alisema. "Tulipohamia walikupa mtaa mzima. Ukapita nyumba kwa nyumba ukilirudisha. Sasa mwenzio amelikuta chini amelinyanyua, unamwita mwizi?"

Nilitoka nikaenda kukaa kwa fundi baiskeli, ambaye aliniita Baba Dogo kwa heshima kama nilivyomfundisha, na kila alipolitaja niliona kama ananizaba kofi.

Bakuli lilitoka zuri mno. Sijui kwa nini mke wangu alilitia uzuri ule wote, nilimuuliza, akasema analitengeneza kwa ajili ya Binti, si kwa mtu mwingine. Kijani ya pembeni ilikuwa inazama taratibu kwenye kahawia, na katikati, kwenye kitako, kioo cheupe kitupu, safi kama maji ya kisima, pa kuweka jina. Nililipindua kwenye gunia, nikalowesha kitako, nikashika kalamu.

Na hapo nikafanya ushenzi mdogo, sitausingizia uchovu. Sikuandika kinyume. Niliandika kawaida, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, mkia na yote, Baba Binti. Nilitaka akiliinamia mbele za watu aone jina lake limegeuka, linatembea kinyumenyume kama kaa. Dereva wake alikuja kulichukua likiwa limekwishafungwa kwenye karatasi za zawadi. Nililifunga mwenyewe, kwa gundi nyingi.

Siku ya kuagwa ukumbi ulijaa. Mke wangu alikaa mbele. Mimi nilikaa meza ya tatu pamoja na wajomba, na mshereheshaji alinitambulisha kama baba mlezi. Nilisimama nikapunga mkono. Baba mlezi ni maneno mazuri kwenye risala, lakini yaonje mdomoni. Kisha akaita, "Sasa tunamwomba Baba Binti apite mbele." Naapa miguu yangu ilitaka kunyanyuka yenyewe. Lakini mtaa wote ulikuwa ukumbini, watu niliowafundisha kwa mdomo wangu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Yule bwana alipita katikati ya meza na boksi lake, vigelegele vikamsindikiza.

Binti alifungua. Watu wakasema "aah" kwa pamoja, maana mwanga wa dirishani uliingia kwenye ile kijani. Aliinamia kusoma jina kwa juu, kama alivyozoea tangu tuanze kazi hii. Nikamwona anakunja uso. Akaligeuza bakuli taratibu, akasoma chini, akapitisha kidole kwenye maandishi mpaka kwenye ule mkia. Kisha akainua macho akaanza kutafuta ukumbini, meza ya kwanza, meza ya pili, mpaka akanipata. Baba yake alikuwa amesimama kando yake akitabasamu, akidhani mambo yanakwenda kama alivyopanga. Nikaangalia sahani yangu ya pilau.

Asubuhi yake nilikuwa nafagia karakana nikasikia, "Shikamoo, baba." Nikaitika marahaba bila kuinuka. Binti alikuwa amebeba kitu kwenye kitenge, akakiweka juu ya gunia, akakifungua. Bakuli.

Nilimwambia kama lina kasoro amrudishie aliyelinunua. Alisema halina kasoro. Alivuta kigoda akakaa karibu yangu, kama alivyokuwa anakaa nikichonga ndoo.

"Huyu aliyeandika alikuwa amekasirika," alisema. "Namjua akikasirika."

Nikamwambia aliyeandika aliandika alichoagizwa.

"Najua. Ndilo la mwenye zawadi hilo, na liache lilivyo, ni baba yangu na amenipenda alivyoweza." Akanisogezea kalamu yangu. "Nafasi imebaki pembeni. Niandikie na la kwako."

Niliuliza la kwangu lipi. Nilijua, lakini nilitaka nilisikie likitoka kinywani mwake, nisije nikaonekana nimelidai.

"Lile ulilowakatalia majirani," alisema.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alileta kopo la maji, akalowesha kitako cha bakuli kwa vidole vyake, akarudi kwenye kazi zake. Nilifuta macho kwa mkono wenye majivu, nikashika kalamu, nikaandika kinyume, herufi zikitazama nyuma, polepole, mkia nikauvuta mrefu kuliko nilivyowahi kuuvuta. Tulipoligeuza na kuliweka kwenye kitambaa cheupe, la bwana yule lilionekana limepinduka, na kando yake lingine lilelile limenyooka, linasomeka kwa juu. Baba Binti.

Sasa wanakaa Geita. Nimekwenda kuwatembelea, na bakuli lipo mezani sebuleni. Anaweka ndizi humo, na machungwa, mpaka yanafunika kitako chote. Baba yake naye huenda, tena mara nyingi kuliko mimi, anaishi karibu. Nimemwambia Binti asijaze sana.